Namba Iliyochomwa kwenye Kibuyu

Namba ya mama niliiua mimi. Sikukusudia, na hakuna atakayenishtaki, lakini nikiwa peke yangu sijidanganyi. Niliiua kwa zawadi.

Nafanya kazi katika duka la mtandao mjini Lodwar, haya maduka tunayoyaita saiba. Watu huja na nywila zimeandikwa kiganjani, wengine na watoto wa kuwatafsiria, nami nawajazia fomu za serikali, za vyuo, za leseni, za kila kitu ambacho zamani mtu alikuwa anaenda ofisini kukiomba kwa mdomo wake. Asubuhi kabla wateja hawajafika husoma habari za teknolojia. Simu gani imetoka, kompyuta gani imejifunza kuongea, nani amevumbua kioo kinachokunjika. Kwa hiyo mjini hapa mimi ni mtu wa kujua. Mtu akitaka simu inayokaa na chaji anaelekezwa kwa dada wa saiba, yaani mimi, na kusema kweli sifa hizo zilinipanda kichwani.

Mama anaishi Kalemng'orok, kando ya barabara ya kwenda Kitale. Ana mbuzi wake na kibanda cha kuuza maziwa na tumbaku. Miaka mingi alikuwa na simu ndogo ya tochi, mulika mwizi, ameifunga kwa uzi wa shanga na kuivaa shingoni. Sijawahi kumwona akipiga simu. Kwake simu ilikuwa mlango, yeye yuko ndani na wengine ndio wabishe hodi. Na mtu aliyekuwa akimngoja abishe alikuwa mmoja tu, kaka yangu.

Kaka ndiye kifungua mimba wa mama. Siku mama aliponunua laini ile, kaka alitia moto chuma anachochomea mbuzi alama, akachukua kibuyu cha maziwa na kuichoma namba juu yake. Alianza na tarakimu kubwa kwa mbwembwe zote, kibuyu kikamwishia kabla namba haijaisha. Zile mbili za mwisho ilibidi zishuke chini hadi kwenye kitako, karibu na mkanda wa ngozi, na tisa ya mwisho ikalala chali. Mama alimtukana siku hiyo mpaka majirani wakatoka nje. Kaka alicheka tu. Alisema sasa ina alama, hata ikipotea itarudishwa.

Baadaye alipata kazi ya utanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la mizigo, akaenda Lokichoggio, kisha akavuka mpaka. Huko aliibiwa begi lenye kitambulisho, na bila kitambulisho akabaki kwenye yadi ya mbao akipakia na kupakua. Hakuwahi kuwa na simu iliyodumu. Alikuwa akiazima ya dereva huyu au mfanyabiashara yule, anaongea dakika chache, anauliza mvua, anauliza mbuzi, basi. Alipiga mvua ikinyesha, alipiga Krismasi, na siku nyingine yoyote iliyomshinda kuvumilia. Namba ya mama ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa. Yangu nimeibadilisha mara nyingi kiasi kwamba hata mimi husita nikiulizwa.

Sasa zawadi yenyewe. Krismasi moja nilimpelekea mama simu janja, kioo kikubwa, kamera mbele na nyuma. Kalemng'orok mtandao wa kampuni nyingine ulikuwa unashika vizuri zaidi, kwa hiyo nikamnunulia na laini mpya. Kadi ya zamani ilikuwa kubwa, haikuingia kwenye tundu la simu mpya. Nikaitoa, nikaitia mfukoni, nikajiambia nitaikata ikae kwenye simu yangu, kaka akipiga niipokee mimi na kumpa namba mpya.

"Na ile namba ya kibuyu?" mama aliuliza.

"Iko tu, mama. Namba haiozi."

Nilifika Lodwar nikaitupa kadi kwenye droo, juu yake nikaweka bili, juu ya bili nikaweka chaja zilizokufa. Nilisahau. Kinachonichoma ni kwamba nilijua vizuri sana kwamba laini isiyowekewa krediti kwa muda kampuni huichukua na kumuuzia mtu mwingine. Nimewaeleza wateja jambo hilo mara nyingi, tena kwa sauti ya mwalimu.

Mvua zilipokuja na kupita, mama alipanda gari akaja Lodwar. Aliketi kwenye kiti cha wateja katika saiba, mkoba mapajani, akaningoja nimalize na mtu.

"Mvua imenyesha," alisema, "na kaka yako hajapiga."

Ndipo nilipoikumbuka kadi. Nilikimbia nyumbani, nikaichimbua kadi, nikaikata kwa mkasi na kuiweka kwenye simu yangu. Haikushika mtandao. Nikarudi saiba, nikaipiga namba yenyewe, na ikaita! Kwa sekunde mbili nilifurahi kama mjinga.

"Allo! Fundi wa bitenge, Kakuma Moja!" Ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake cherehani ikinguruma.

Nikaanza kueleza kwamba namba hiyo ni ya mama yangu, kwamba kuna mtu huenda akapiga.

"Nyiye batapeli! Mutaniacha lini?" Akakata. Nilipopiga tena hakupokea.

Mama alikuwa ameisikia ile sauti. Ilibidi nimweleze yote, droo na bili na chaja. Nilimweleza kwa Kiturkana, lugha yetu, na katika lugha hiyo hakuna mahali pa kujificha nyuma ya maneno ya kampuni. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Atafikiri nimekufa," alisema. "Amepiga nyumbani, amejibiwa na mtu asiyemjua. Mara ya kwanza atasema amekosea. Mara ya tatu ataelewa kwamba nyumba haipo. Akishaelewa hivyo, hatapiga tena, na hatakuwa na sababu ya kurudi."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na kwa kuwa mimi nikiona aibu hukasirika, niliigeuzia kampuni. Nilipiga huduma kwa wateja. Alinipokea yule mwanamke wa mashine, yule yule asiyechoka, anayekwambia bonyeza moja, bonyeza mbili, na ndiye huyo huyo anayekwambia kwa upole kwamba unayempigia anaongea na mtu mwingine, jaribu baadaye. Namchukia tangu zamani. Nilibonyeza kila alichosema nikajikuta nimerudi mwanzo. Nikajaribu kwa ujumbe, nikajibiwa na ile mashine mpya ya kuchati niliyokuwa nimeisoma na kuisifia mbele ya wateja wangu. Nikaandika kwamba namba ya mama imepewa mtu mwingine na mwanawe anamtafuta. Ikajibu, "Pole sana kusikia hivyo!" ikaweka na kikatuni cha uso unaotabasamu, kisha ikaniuzia bando la wiki. Mwishowe ikaomba niipe nyota. Niliipa moja, ikanishukuru.

Kesho yake tulienda kwenye ofisi yao pale mjini. Msichana wa kaunta alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Alichukua kitambulisho cha mama, akabonyeza-bonyeza.

"Nipeni namba tano anazopigia sana, tuhakikishe laini ni yake."

"Hapigi," nikasema. "Yeye hupigiwa."

"Hata tatu?"

"Hajawahi kupiga hata moja."

Msichana akatazama kioo chake, akamtazama mama, akatazama kioo tena. "Sistimu inataka tano."

Mama aliuliza wanasema nini, nikamtafsiria. Akafungua mkoba, akatoa kibuyu kilichofungwa kwa leso, akakifungua taratibu na kukisimamisha juu ya kaunta, namba ikielekea kwa msichana. Mtu aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni alicheka, kisha akaacha. Kibuyu kile kimepakwa mafuta miaka mingi mpaka kimekuwa chekundu, na tarakimu zimekolea nyeusi. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwamo ofisini mle.

"Mum, hii siwezi kuingiza kwa sistimu," msichana alisema, na nadhani alisikitika kweli. Akaeleza kwamba hata kama ingewezekana, laini tayari ina mwenyewe, na habari za mteja mmoja hazitolewi kwa mwingine. Hapo nikapandisha hasira. Nilitoa Kiingereza changu chote, cha haki za mteja na cha kutaka kuonana na meneja, mpaka mama akanivuta mkono wa shati.

Tulipofika nje akaniambia, "Unagombana na mtu ambaye mbuzi wetu hayuko kwake. Yuko Kakuma. Twende Kakuma."

Kwetu mbuzi mwenye alama yako akionekana kwenye kundi la mwingine, hupigi kelele za mwizi. Unaenda mchana, unaonekana ukija. Unasalimia, unakaa, unakunywa unachopewa, halafu ndipo unaonyesha alama. Na aliyemkuta unamshukuru, kwa sababu siku zote hizo yeye ndiye amemnywesha maji. Hivyo ndivyo mama alivyoliona jambo lote, na hakutaka kusikia habari za kampuni.

"Mama, namba si mbuzi," nilimwambia.

"Ina alama," alijibu, akafunga kibuyu.

Kabla ya kuondoka alikijaza maziwa yaliyoganda. Tulifika Kakuma kabla ya adhuhuri, tukavuka korongo kavu, tukaingia kwenye soko la kambi ya wakimbizi. Tuliuliza fundi wa vitenge mara mbili tu. Vijana waliokuwa kwenye duka la kuchajia simu walituonyesha kibanda cha mabati, na ukutani namba ilikuwa imepakwa kwa rangi ya buluu, ndefu kama mkono wangu. Mama hajui kusoma lakini alama anazijua. Alikishika kibuyu, akafuata kwa kidole tarakimu moja baada ya nyingine, ya kibuyu, ya ukuta, ya kibuyu, ya ukuta.

"Ni yetu," alisema.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, Mkongomani, futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Nilipoitaja namba ile alizitema pini mkononi.

"Nyiye njo munapigaka?"

"Ni mimi ninayepiga, dada. Mimi si tapeli. Huyu ni mama yangu."

"Ejok," mama akasema.

"Ejok noi, mama," fundi akajibu. Baadaye alituambia salamu hiyo ndiyo Kiturkana chote alichokijua, aliipata kwa wauza kuni. Akatuvutia benchi. Mama akakaa, akamimina maziwa kwenye kikombe cha fundi, akangoja anywe. Alipokwisha kunywa, mama akakiweka kibuyu juu ya meza ya cherehani, juu ya kitenge kilichokatwa nusu.

Fundi aliisoma namba kwa sauti. Alipofika mahali ilipokatika akakigeuza kibuyu, akazikuta zile mbili za mwisho chini kwenye kitako, na tisa yake imelala.

"Kuko mutu anapigaka," alisema. "Mara tatu sasa. Anaongea luga sisikie, mi nakata. Nilizani njo bale ba kusema umeshinda gari."

Nikamtafsiria mama. Alifumba macho.

"Basi yu hai," alisema. Mimi nilikuwa tayari nimeiomba simu ya fundi nitafute namba aliyopigia kaka. Ilikuwa simu ya zamani inayoshika kumbukumbu chache, na wateja wa vitenge walikuwa wamezisukuma nje simu zote tatu za kaka.

Nikafanya kosa lingine. Nikamwomba fundi aturudishie laini, nimnunulie nyingine mpya, nimpakie rangi ukuta wote.

"Dada, siwezi," alisema. "Hii namba iko mu ofisi ya bakimbizi. Tunangojaka kuitwa juu ya safari ya ng'ambo, miye na batoto, myaka mingi. Bakipiga bakose mutu, banaita mwingine. Mashini ya kushona minaweza kukupatia. Namba, hapana."

Nilitafsiri huku nikiogopa. Nilidhani mama atakasirika, au atalia, na sikujua lipi lingenishinda zaidi.

"Mwambie simnyang'anyi," mama alisema. "Yeye anangoja, na mimi nangoja. Aishike tu. Lakini mtu wangu akipiga, asimkate."

Fundi aliposikia hivyo alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili. Kaka Kiswahili anakijua vizuri, cha madereva, kwa hiyo tulikubaliana maneno ya kumwambia, usikate, mama yako yupo, chukua namba hii nyingine. Nikaiandika namba mpya ya mama kwenye karatasi, na chini yake yangu, fundi akaitundika kwa pini mbele ya cherehani, katikati ya vipimo vya mabega na viuno vya watu. Tulikaa naye mpaka jua lilipopoa. Simu yake iliita mara nyingi siku ile, na kila ilipoita mama aliinua kichwa. Zote zilikuwa za vitenge.

Zikapita wiki kadhaa. Kila Jumamosi niliiwekea laini ya mama krediti, hata kidogo, na kila siku nilimpigia kuhakikisha inaita. Katika habari zangu za asubuhi kulikuwa na simu mpya inayotambua uso wa mwenyewe hata gizani. Niliisoma mpaka mwisho, lakini sikumhadithia mtu.

Siku moja adhuhuri, nikiwa katikati ya fomu ya mtu, fundi akapiga.

"Dada! Amepiga! Na amekata!"

Nikamwomba mteja radhi nikatoka nje. Fundi alikuwa anahema. Alisema amemwambia yote, usikate, mama yako yupo, na kaka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nyinyi ni matapeli. Mama yangu hawezi kubadilisha namba." Akakata. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi ya saiba. Neno lile lile la fundi. Sote tumefundishwa kuogopa simu, na tumefundishika vizuri, mpaka mtu anaambiwa mama yako yu hai na anaona ni utapeli.

"Ngoja, sijamaliza," fundi alisema. "Akarudia kupiga. Akasema, kama umeona mama yangu, niambie, namba yake iko wapi? Nikasema, kwa kibuyu. Akasema, hiyo kila mutu anajua. Mbili ya mwisho iko wapi?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, ilikosa nafasi, ikashuka chini kwa matako ya kibuyu, karibu na ngozi, na tisa inalala kama mugonjwa. Dada, mutu mukubwa vile, akalia. Na miye nikalia. Kiliyente wangu akashangaa."

"Namba mpya umempa?"

"Nimemupa. Akaisoma mara tatu. Njo amekata sasa hivi."

Sikumbuki kama nilimshukuru. Natumaini nilimshukuru. Nilichokumbuka ni kwamba lazima nimwambie mama haraka, asiwe mbali na simu, asiwe ameiacha kwenye kibanda akaenda kwa mbuzi. Nikakosea namba mara mbili, ya tatu nikapatia.

Akanijibu yule mwanamke wa mashine, kwa upole wake ule ule, kwamba unayempigia anaongea na mtu mwingine, jaribu baadaye.

Mteja wangu alikuwa amenifuata mlangoni akiuliza fomu yake itaisha lini. Nikamwonyesha kwa mkono angoje. Nikakata, nikapiga tena. Anaongea na mtu mwingine. Nikapiga tena, na tena, si kwa sababu nilitaka mama apokee, nilitaka tu kuambiwa tena kwamba anaongea na mtu mwingine.